Jinsi ya kuandika riwaya ya watoto kuhusu familia na punda wao kwenye vita ya 1914, kutoka kwa mtu aliyeifuta mara tatu

Mambo yalianza na swali la mtoto. Tulikuwa tunapita Kariakoo nikamwambia hili jina limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliowekwa kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa kutoka kwa Mjerumani mwezi wa 9 mwaka 1916, kwenye vita kuu ya kwanza ya dunia, watu wetu wakalitamka walivyoweza ndo likawa Kariakoo. Nikajiona msomi kweli kweli. Mtoto akakaa kimya kidogo halafu akauliza, kwani hawakuwa na punda?

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na jibu nililolipata ndo limekuwa uti wa mgongo wa riwaya yangu, kwa hiyo kama na wewe unataka kuandika kitabu cha watoto cha familia na mnyama wao wakati wa vita, soma hapa kabla hujapoteza miezi kama mimi. Nimetumia Ugogo (nchi ya Wagogo, kule Dodoma) na punda kama mfano maana ndo kazi niliyoifanya.

Jibu lenyewe hili hapa: wanyama walikuwepo, farasi, nyumbu wa kufugwa, ng'ombe wa kukokota, punda, maelfu kwa maelfu waliletwa, wakafa kwa mbung'o. Majeshi yakabaki yanategemea zaidi njia moja ya kubeba risasi na unga, nayo ni kichwa cha mtu. Yani mnyama akifa porini kuna baba wa mtu anakamatwa kijijini. Hapo ndo utaona kwa nini riwaya ya mnyama inafaa sana kwa vita hii kuliko nyingine, punda na baba walikuwa kwenye mzani mmoja.

HATUA YA KWANZA: kata kipande kidogo cha vita, kidogo kuliko unavyodhani

Kosa langu la kwanza kabisa nilitaka kuweka kila kitu. Nikaanza na mapigano ya Tanga Novemba 1914 na wale nyuki waliowavamia wanajeshi, nikaenda kwenye Königsberg, meli ya vita ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa Julai 1915, nikapanda nayo mizinga ilivyotolewa ikawekewa magurudumu, punda wangu akawa anatokea kila sehemu kama mwandishi wa habari. Kurasa 90 na hakuna mtu aliyelia wala kucheka.

Chagua barabara moja na misimu michache. Mimi mwishoni nilichagua kuanzia masika ya 1916 mpaka njaa iliyofuata, sehemu ni Ugogo, kijiji cha kutunga ambacho ni mwendo wa siku moja hivi kutoka reli. Kwa nini pale? Kwa sababu vita ilikuja kwao yenyewe. Jeshi la Van Deventer, jenerali wa upande wa Mwingereza, lilichukua Kondoa Irangi Aprili 1916, likakwama pale kwa mvua na matope na magonjwa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akajaribu kulitoa mwezi wa tano akashindwa, halafu kiangazi mwishoni mwa Julai wakaingia Dodoma na Wajerumani wakawa wanarudi nyuma kufuata reli kuelekea Morogoro huku wanavunja madaraja. Mtoto wa miaka 11 kijijini hajui lolote kati ya haya. Yeye anajua tu kwamba kwanza walikuja askari wakachukua mbuzi, halafu baada ya wiki kadhaa wakaja askari wengine wakachukua waliobaki.

Andika tarehe za kweli kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa ajili yako wewe. Kwenye stori yenyewe mtoto apime muda kwa mtama umefika wapi, mvua zimekata lini. Ugogo mvua ni msimu mmoja tu wa Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo ukiandika vuli inanyesha Oktoba mzee yeyote wa Dodoma atakucheka.

HATUA YA PILI: mnyama, na hapa usikimbie

Watu wengi mnyama wanamweka ili awe mzuri. Anapendwa, ana macho makubwa, basi. Mnyama wa kwenye vita lazima awe na kazi, awe na gharama, na awe na kitu kimoja anachofanya ambacho kinaweza kuua familia nzima.

Punda anakupa vyote vitatu bure.

Kazi: anabeba maji, kuni, nafaka. Mzigo wa kilo 50 anauweza bila shida akiwa na afya, na pagazi wa vita alikuwa anabebeshwa kama kilo 25, kwa hiyo punda mmoja ni wapagazi wawili. Weka hesabu hiyo mdomoni mwa jumbe wa kijiji, mwache aiseme kwa sauti mbele ya baba, hutahitaji kuelezea hatari tena.

Gharama: anakula na anakunywa. Ana nafuu, anavumilia majani makavu ambayo ng'ombe anayakataa, na anastahimili kiu kuliko farasi, ila wakati wa njaa majirani watamwangalia kwa jicho lingine kabisa na hilo usilifiche.

Kitu cha kuua: sauti. Punda akilia usiku mtulivu anasikika kilomita kadhaa. Na punda hapendi kuwa peke yake, akitengwa na mwenzake analia kumuita. Ukiunganisha haya mawili una chapta nzima. Mimi nilimficha ndani ya mbuyu mkubwa wenye uwazi, askari wamepiga kambi karibu, na njia pekee ya kumnyamazisha ni binti akae naye humo ndani usiku kucha, amshike shingo, awe ndo yeye mwenzake. Mbuyu, giza, pumzi ya punda, harufu ya moshi wa kambi. Sikuhitaji risasi hata moja na ndo chapta ambayo watoto wananiomba niirudie.

Kingine, punda akiogopa hakimbii ovyo kama farasi, anasimama. Anaganda hapo mpaka aelewe kuna nini. Watu wanamwita mkaidi kumbe anafikiria. Tumia hiyo. Kuna sehemu punda wangu alikataa kuvuka korongo na mama akamchapa kwa hasira, na punda alikuwa sahihi, na mama hakumuomba msamaha maana watu wazima wa 1916 hawakuwa wanaomba punda msamaha, ila jioni alimpa pumba za kwake za akiba. Mtoto msomaji anaelewa.

Halafu mbung'o. Hili ndo tatizo lililonipa njia ya safari nzima, bora nilieleze vizuri. Mbung'o (wengine mnamwita ndorobo) anaishi kwenye pori lenye vichaka na miti, anauma mchana, na anaambukiza nagana, ugonjwa unaoua mifugo. Farasi anakufa haraka, punda anavumilia zaidi lakini naye si chuma. Ugogo palipo wazi pana nafuu, ndo maana ni nchi ya ng'ombe, lakini ukishuka kuelekea Kilosa unaingia porini. Kwa hiyo familia yangu ikilazimika kushuka kule wafanyeje? Watembee usiku. Usiku kuna simba. Mchana mbung'o usiku simba, na punda mmoja. Sikulibuni hilo, ardhi yenyewe imelitega, mimi nilikuja tu na daftari.

Usimfanye aongee. Najua kuna watakaobisha na hadithi zetu za sungura na fisi zinaongea toka enzi, lakini zile ni ngano, msikilizaji anajua yuko wapi. Ukiweka vita ya kweli yenye watu waliokufa kweli halafu punda anatoa maoni, mtoto anaacha kuamini vyote viwili.

Jina. Wangu anaitwa Hela. Pesa ya Mjerumani ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno hela tunalolitumia mpaka kesho. Baba alimnunua akiwa dhaifu, jirani akasema huyu hafiki hata heller moja, jina likabaki. Mtoto akifika kwenye hiyo sentensi anashtuka kwamba neno lililoko mfukoni mwake limetoka kwenye pesa ya Mjerumani, na mimi sijamfundisha somo lolote.

HATUA YA TATU: hesabu midomo

Chukua karatasi, andika nani yuko nyumbani na kila mmoja anakula nini kwa siku. Nilipofanya hivi niligundua nina watu tisa kwenye stori na chakula cha wanne, nikapunguza mjomba mmoja na pacha mmoja, samahani kwao.

Familia yangu ilibaki bibi, mama, binti wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 5, na baba ambaye anachukuliwa kwenye chapta ya tatu. Usimcheleweshe baba. Na usimrudishe mapema. Waliochukuliwa kubeba mizigo kwa pande zote wanahistoria wanakadiria kama milioni moja, na waliokufa karibu 100,000, wengi wao wala si kwa risasi, ni kuhara damu, malaria, kichomi, na unga ambao haukusagwa vizuri wala kuiva kwa watu ambao matumbo yao yamezoea chakula kingine. Kwa hiyo kwa mtoto aliyeachwa kijijini, baba ameingia tu kwenye ukungu. Hakuna barua. Uache huo ukungu ukae, hata msomaji asijue.

Mama ndo dereva wa hii stori na bibi ndo ramani, anakumbuka njaa za zamani, anajua ni majani gani yanaliwa na mizizi gani inahitaji kuchemshwa mara ngapi. Binti ndo macho. Yule wa miaka 5 kazi yake ni kuuliza maswali ambayo wengine wanaogopa kuuliza, na kulala mgongoni mwa punda.

Wanaitanaje? Kwa heshima za pale. Binti hamuiti mama yake jina, hamkati bibi kauli, na akitaka kumpinga mtu mzima anapitia kwa mdogo wake au kwa punda. Nina mazungumzo matatu ambayo binti anamwambia punda kitu ambacho mama anatakiwa akisikie. Mama naye anamjibu punda.

HATUA YA NNE: endesha stori kwa unga, vita iwe kama hali ya hewa

Hii hapa ndo siri na wala si yangu, iko kwenye hesabu. Pagazi anabeba kilo 25. Anakula kilo moja hivi kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10 ameshakula 20, aliyemtuma amepata kilo 5. Sasa fanya hesabu hiyo kwa jeshi lenye maelfu ya watu utaelewa kwa nini kila ghala la nafaka njiani liliisha, kwanza kwa Mjerumani halafu kwa Mwingereza, na kwa nini Ugogo ilipokosa mvua baada ya hapo hakukuwa na akiba hata ya kuanzia. Njaa ile Wagogo waliipa jina Mtunya, na makadirio ni kwamba ilichukua mtu mmoja kati ya watano. Vita imeisha, bendera imebadilika, watu ndo kwanza wanakufa.

Kwa hiyo kila chapta yangu ina swali moja tu la chakula. Mbegu tuifiche wapi. Tumuuze punda kwa debe ngapi za mtama. Maji ya huyu mtu tunaweza kuyaamini. Mizinga inasikika kwa mbali kama radi za mvua isiyofika, basi, inatosha.

Kuna jambo moja la askari nilitaka niliseme. Usiwafanye wazungu wa upande mmoja wema na wengine wabaya, kwa mwanakijiji tofauti ilikuwa kofia. Na pande zote mbili kulikuwa na askari Waafrika, na Kiswahili kiliongewa pande zote mbili! Hebu fikiria binti yupo kwenye mbuyu, anasikia watu wanaongea Kiswahili na hawezi kujua ni wale wa jana au maadui wao. Mmoja wao ndo akamuona, akamuona na punda, akanyamaza. Sikueleza kwa nini alinyamaza.

HATUA YA TANO: kifo

Watoto wanajua kifo kipo, wanachotaka kujua ni kama utawadanganya. Mimi nimeweka kifo kimoja kinachoonekana, cha bibi, polepole, mchana, akiwa amekataa uji wake akasema ameshiba. Binti anajua hajashiba. Sentensi fupi fupi, hakuna damu, hakuna hotuba, na mara baada ya hapo kuna kazi ya kufanya, kuchimba, kufunika, kumnywesha punda. Ukimpa mtoto msomaji huzuni mpe na kitu cha mikono kufanya kwenye ukurasa unaofuata, la sivyo anafunga kitabu.

Vifo vingine viwe mbali, nyumba ambayo moshi hautoki tena, viatu.. hapana, viatu futa, nani alikuwa na viatu. Weka kibuyu njiani.

Na punda asife. Nimebishana na watu wengi juu ya hili na bado siondoki hapo. Kwanza kila kitabu cha mnyama kinamuua mnyama mwishoni, watoto wameshashtukia, wanaanza kujihami kuanzia ukurasa wa kwanza. Pili punda anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, mnyama aliyepitia 1916 akiwa kijana angeweza kabisa kuwepo sanamu ya askari inazinduliwa pale Dar es Salaam mwaka 1927. Ile sanamu ina askari na bunduki yake. Nairobi mwaka uliofuata angalau walimweka na pagazi. Punda hayupo popote, kwa hiyo mimi nimemuweka hai.

HATUA YA SITA: lugha, fupi tu

Pitia drafti yako ufute kila kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nilikuwa na ndoo ya plastiki, debe la mafuta ya kula na mtu "aliyepanic". Weka rupia, boma (ofisi ya serikali), akida (mtu wa serikali aliye juu ya majumbe), jumbe, kodi ya nyumba ya rupia tatu. Maneno ya Kigogo tia machache na uhakikishe na Mgogo mwenyewe, usitegemee kamusi ya mtandaoni. Chapta ziwe za dakika kumi kusomwa kwa sauti, maana nyumba nyingi kitabu kimoja kinasomwa na mmoja wengine wanasikiliza. Kwa miaka 9 mpaka 12 maneno 25,000 yanatosha sana.

Tafuta pia nyaraka. Nyaraka za Taifa zipo, makumbusho yapo, lakini kitu kilichonisaidia zaidi ni wazee ambao waliambiwa na wazazi wao. Waliokuwepo wenyewe hawapo tena. Usiwaulize "vita ilikuwaje", utapewa majibu ya shule. Waulize mama yako alikuwa anakataza kutupa nini. Mzee mmoja aliniambia kwao ilikuwa mwiko kutupa maji yaliyooshea mtama, na hiyo ikaingia kwenye kitabu moja kwa moja.

HATUA YA SABA: mwisho wa kitabu na wasomaji wa majaribio

Vita ile rasmi iliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918 lakini huku Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25, wiki mbili baadaye. Na homa kubwa ya mafua ilikuwa inapita nchi nzima. Ukimaliza kitabu na kengele za amani utakuwa umemaliza cha Ulaya. Mimi nimemaliza na mvua ya kwanza baada ya njaa na mama amesimama boma anaulizia mshahara wa mume wake. Mishahara ya maelfu ya wapagazi haikuwahi kufika kwa familia zao, hiyo ni kweli kabisa. Karani anamwambia arudi kesho. Binti yupo nje anamshikilia punda. Hapo nikakata.

Ukishamaliza wasomee watoto watano au sita, si wa kwako peke yake maana wa kwako watakusifia. Usiwaulize kama wamependa. Angalia wanageuka lini, wanaanza kuchezea vidole lini, weka alama kwa penseli pembeni bila wao kuona. Kwangu alama zote zilikuwa kwenye aya zenye majina ya majenerali. Nilifuta majenerali wote kasoro mmoja, na huyo mmoja anatajwa na mtu mlevi anayekosea jina lake.

Mwisho mchoraji. Mpe picha za punda halisi usimwachie akumbuke kichwani, wa kwangu aliniletea farasi mwenye masikio marefu. Mwambie mstari mweusi unapita mgongoni na mwingine unakatiza mabegani kama msalaba, mkia una manyoya mwishoni tu, na kwato ni nyembamba. Na mwambie huyu kwenye ukurasa wa 40 hajala vizuri miezi mitatu, mbavu zionekane.